Shaabani Kando ya Ziwa: Mwezi wa Kulipa Madeni

Mkulima hujulikana kwa shamba lake kabla mvua haijanyesha. Yule aliyekwisha lima, akang'oa magugu na kuweka mbegu zake mahali pakavu, mvua ya kwanza humletea neema. Aliyelala, mvua ile ile humletea matope tu. Wanavyuoni wa Kiislamu wa zamani walipotaka kuwaeleza watu miezi mitatu mitukufu walitumia mfano wa namna hii. Walisema kwamba Rajabu ni mwezi wa kupanda, Shaabani ni mwezi wa kunyweshea, na Ramadhani ni mwezi wa kuvuna. Watu wa Kano, Seme na Karachuonyo, ambao kila mwaka huinua macho kutazama mawingu ya Ziwa, hawana haja ya kufasiriwa maneno hayo. Asiyenyweshea asitazamie mavuno.

Waswahili wana hesabu yao ya miezi, na hesabu hiyo yenyewe ni fundisho. Mwezi wa Shawali huitwa Mfunguo Mosi, unaofuata huitwa Mfunguo Pili, na hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa. Hapo hesabu husimama, na miezi mitatu iliyobaki huitwa kwa majina yake yenyewe: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Ni kana kwamba mwaka mzima ni safari, na miezi hiyo mitatu ni mji ambao msafiri anauendea. Shaabani, ambao ni mwezi wa nane kwa hesabu ya Waarabu, wazee wa pwani waliuita pia mwezi wa mlisho. Maana yake watu hulishana na kukaribishana kabla ya mfungo kuingia.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka Shaabani hurudi nyuma yapata siku kumi na moja katika kalenda ya ofisini. Mwaka 2024 iliangukia Februari na siku za mwanzo za Machi, wakati mkulima anapotengeneza shamba kungojea mvua kubwa. Miaka mingine huangukia wakati wa palizi, na mingine wakati wa mavuno. Basi hakuna mtu awezaye kusema kwamba kazi yake peke yake ndiyo inayogongana na ibada, kwa sababu katika muda wa miaka thelathini na mitatu hivi mwezi huo huzunguka majira yote, na kila mtu hupata zamu yake.

Wavuvi wa omena wana ujuzi wao juu ya jambo hili. Omena, ambao wenzetu wa Tanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu za jua. Samaki hufuata mwanga, wakakusanyika, kisha nyavu hutupwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga huenea juu ya maji yote, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na mashua nyingi hupumzika ufukweni. Kwa hiyo usiku wa kumi na tano wa Shaabani, ule uitwao Nisfu Shaabani, mvuvi Mwislamu wa Dunga au wa Kendu Bay hana kazi kubwa majini, naye hupata nafasi ya kwenda msikitini. Kinyume chake, Ramadhani huandama wakati wa giza, siku zile zile ambazo omena hupatikana kwa wingi. Mvuvi huyo huanza mfungo wake akiwa katika kazi nzito kuliko zote. Asipojitayarisha katika Shaabani, siku tatu za kwanza zitamshinda.

Yafaa ikumbukwe kwamba dini hii si mgeni wa jana katika sehemu za Ziwa. Misafara ya wafanya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipita na kutua Mumias katika karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949, alikuwa Mwislamu. Gari la moshi lilipofika Port Florence mwaka 1901, mahali ambapo leo ni Kisumu, lilileta Waswahili, Wahindi na watu wengi wa kazi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Wanubi nao walikaa Kibos. Msikiti wa Jamia wa Kisumu ulijengwa mwaka 1919. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Kendu Bay ikawa na Waislamu Wajaluo, watu wanaosema Kijaluo nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiarabu katika Sala. Katika nyumba nyingi za sehemu hizi, basi, Mwislamu na Mkristo ni watoto wa baba mmoja. Jambo hilo lina baraka zake, na lina mitihani yake pia, kama itakavyoonekana mbele.

Je, matayarisho ya Shaabani ni nini hasa? La kwanza ni funga yenyewe. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume hakufunga kwa wingi katika mwezi wo wote mwingine, ukiacha Ramadhani, kama alivyofunga katika Shaabani. Na Usama bin Zaidi alipomwuliza sababu yake, alijibiwa kwamba huo ni mwezi ambao watu hughafilika nao, kwa kuwa uko kati ya Rajabu na Ramadhani, nao ni mwezi ambao matendo hupandishwa kwa Mwenyezi Mungu. Mwenye akili ataona hekima nyingine hapo. Mwili uliozoea chai ya saa nne na ugali wa saa saba hauwezi kubadilika kwa usiku mmoja. Kisumu iko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki sana. Tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, karibu saa moja kasoro robo jioni, ni yapata saa kumi na tatu na kidogo, mwaka baada ya mwaka. Afungaye Jumatatu na Alhamisi katika Shaabani huufundisha mwili saa hizo pole pole, kama ng'ombe mchanga anavyofundishwa jembe.

La pili ni deni la funga. Yuko aliyekuwa safarini katika Ramadhani iliyopita, yuko aliyeugua, na wako wanawake ambao sheria yenyewe iliwazuia wasifunge siku zao. Hao wote wanadaiwa siku. Bibi Aisha mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akichelewa kulipa siku zake mpaka Shaabani. Basi mwezi huu ni mlango wa mwisho. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, mtu akichelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, atalipa siku zake, na pamoja na kila siku atatoa kibaba cha chakula kwa maskini. Ni aibu kwa mume ambaye katika Shaabani hudai apikiwe na kuandaliwa kama kawaida, wala hajui kwamba mkewe ana siku saba anazolipa kimya kimya huku akitoka Kibuye na mzigo kichwani. Mume mwema huuliza mapema, na katika siku hizo hushika kazi nyingine za nyumba.

La tatu ni deni la fedha. Dawa ya deni ni kulipa, wasema wahenga, na hakuna sala inayofuta deni la mwenye duka. Katika mji wa kazi kama Kisumu, watu wengi huishi kwa daftari. Mchuuzi wa samaki huchukua kwa mwenye mashua akaahidi kulipa jioni, karani huchukua unga dukani akaahidi mwisho wa mwezi, na mkulima wa mpunga wa Ahero hukopa mbolea akaahidi mavuno. Madeni hayo si dhambi, ila kuyakimbia ni dhambi. Aingiaye Ramadhani huku akipita njia ya nyuma ili asionwe na anayemdai, funga yake ina tundu. Na asiye na uwezo wa kulipa yote, na aende mwenyewe kabla hajafuatwa, aseme kweli, alipe kidogo, na kuomba muda. Mwenye kudai naye, akimwona mwenzake hana, Korani imemwagiza ampe nafasi mpaka apate wepesi.

Lakini deni lililo gumu kuliko yote haliandikwi katika daftari, nalo ni kinyongo. Katika hadithi zinazosimuliwa juu ya usiku wa Nisfu Shaabani husemwa kwamba Mwenyezi Mungu huwasamehe waja wake, isipokuwa mshirikina na mwenye kushika uhasama na mwenzake. Watu wengi husikia jambo la kwanza wakashukuru kwamba haliwahusu, na la pili hulipita upesi.

Na atazamwe karani mmoja wa Kisumu, ambaye jina lake halina haja kutajwa. Baba yake alikuwa Mwislamu, mchuuzi wa samaki kando ya Kendu Bay. Watoto wake wawili walitengana katika dini, mkubwa akabaki katika kanisa alikosomea, na mdogo, ndiye karani huyo, akamfuata baba. Mzee alipofariki asubuhi moja, yule mdogo alifanya kama sheria inavyoagiza. Maiti aliogeshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya Laasiri. Ndugu yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa Nakuru, alipata habari jioni. Alipofika kesho yake alikuta udongo umekwisha fungwa. Alisimama kidogo, akageuka, akapanda gari. Hawakusema tena kwa miaka miwili.

Wajaluo wataelewa uzito wa jambo hilo kuliko wengine. Kwao mazishi ni kazi ya ukoo mzima. Wana hungojewa kutoka mbali, hata kama ni siku nyingi, na mkubwa ana nafasi yake ambayo hakuna mwingine awezaye kuikalia. Katika Uislamu mazishi huharakishwa. Nchi nzima ililiona jambo hili mwaka 2021, Mama Sarah Obama wa Kogelo alipofariki tarehe 29 Machi akiwa na umri wa miaka 99. Siku ya pili yake alizikwa nyumbani kwake kwa taratibu za Kiislamu. Nao ulikuwa ni mwezi huu huu wa Shaabani, katikati yake, mwaka 1442 wa Hijra. Watu wa dini zote walihudhuria, na wengi waliotazamia matanga marefu walijifunza kwamba heshima ya maiti haipimwi kwa wingi wa siku.

Basi karani yule alikuwa na hoja. Kila alipozungumzwa juu ya ndugu yake alijibu kwamba alifuata sheria, na mwenye kufuata sheria haombi radhi. Mwaka wa pili, katika Shaabani, maalimu wa mtaani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza neno moja tu: Je, sheria iliyokuamuru umzike baba yako upesi, ilikuamuru pia umpelekee ndugu yako habari jioni? Karani hakuwa na jibu. Simu ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Aliwapigia wenye sanda, wachimba kaburi, na majirani. Hakumpigia ndugu yake, kwa kuwa aliogopa ataambiwa angoje. Haki ilikuwa upande wake katika mazishi, na haki hiyo aliifanya pazia la kuficha kosa jingine.

Alikwenda Nakuru siku ya Jumamosi. Ndugu yake alimkaribisha kiti, wala hakumkaribisha neno.

"Kaka," alisema mdogo, "sikuja kujadiliana juu ya kuzika. Nimekuja kwa sababu sikukuita."

Mkubwa alinyamaza kitambo. "Sikuikasirikia dini yako, ndugu yangu," alijibu. "Baba alikuwa wa dini hiyo, nami nilijua atazikwa hivyo. Nilikasirika kwa kuwa niliambiwa baada ya majirani."

Hawakukumbatiana wala hawakulia. Walikula chakula. Juma lililofuata walikwenda Kendu Bay pamoja, mkubwa akasimama kaburini bila kofia na kuomba kwa namna yake, na mdogo akaomba kwa namna yake. Uchungu wa miaka miwili hauishi kwa ziara moja, na pengine mengine yalibaki kusemwa. Lakini karani yule aliingia Ramadhani akiwa na mzigo mmoja pungufu, na ndugu yake ndiye aliyempigia simu jioni ya kwanza kumwuliza kama amekwisha futuru.

Jambo la kujifunza hapa ni hili. Mwenye kosa la wazi hujua njia ya kurudi, lakini mwenye haki nusu hupotea nayo. Shaabani ni mwezi wa kuipekua haki yako mwenyewe, uone ndani yake mna nini.

Kuhusu usiku wa Nisfu Shaabani wenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana. Kuna misikiti ambamo watu hukusanyika baada ya Magharibi wakasoma Sura ya Yasin mara tatu na kuomba dua, na kuna mingine ambayo imamu wake husema kwamba kukusanyika kwa namna hiyo hakukuwako zamani za Mtume. Kila upande una vitabu vyake. Ni ajabu na ni huzuni watu wanapougombania usiku ambao sifa yake kubwa ni kuondoa ugomvi. Anayesoma na asome, anayeacha na aache, na mmoja asimwite mwenziwe jina baya.

La nne ni matayarisho ya nyumba. Desturi ya pwani ya kuvunja jungu, yaani kula na kufurahi pamoja siku za mwisho za Shaabani, imefika hata bara kwa wale wenye asili ya huko. Ni desturi ya furaha, nayo huunganisha jamaa. Kasoro yake ni pale watu wanapolivunja jungu pamoja na mshahara. Bei za sukari, tende na unga hupanda mfungo unapokaribia, kwa sababu wanunuzi wote huenda sokoni siku moja. Mwenye busara hununua kidogo kidogo katika Shaabani, huweka akiba ya nauli na karo, na hutenga sehemu ya jirani maskini kabla ya sehemu ya sambusa. Mfungo umewekwa ili tumbo lipungukiwe, na nyumba inayotumia fedha nyingi zaidi katika mwezi wa njaa kuliko katika miezi ya kushiba imegeuza mambo juu chini. Wavutaji wa sigara na wapenzi wa kahawa nao wapunguze mapema, wasije wakaanza funga kwa kichwa kinachouma na ulimi wa kugombeza watoto.

La tano ni hesabu ya siku. Ramadhani haiwezi kuanza sawasawa kama Shaabani haikuhesabiwa sawasawa. Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu hutazama magharibi kutafuta mwezi mwandamo, na kwa watu wa Kisumu magharibi ni upande wa maji, ambako jua huzama katika Ghuba. Mara nyingi jioni Ziwa hukusanya mawingu, mwezi usionekane. Ikiwa haukuonekana wala hapakuja habari ya kuaminika, Shaabani hutimizwa siku thelathini. Ndiyo sababu watu hungoja tangazo la Kadhi Mkuu. Imekatazwa pia kuitangulia Ramadhani kwa kufunga siku moja au mbili kabla yake, ila kwa mtu mwenye kawaida ya kufunga siku hizo au anayelipa deni. Hapo Mwislamu hufundishwa adabu: asichelewe, wala asijifanye mwema kuliko amri yenyewe.

Wasomaji Wakristo nao watakuwa wameona kwamba mengi katika haya si mageni kwao. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, siku chache tu baada ya Shaabani kuandama, na katika nyumba moja mtoto mmoja alikuwa akihesabu siku za Kwaresima na mwingine akihesabu siku za kungojea Ramadhani. Jirani mwema huuliza mwenzake amefikia wapi. Mkuu wa kazi mwenye busara naye hupanga zamu mapema, ili yule anayefunga apewe kazi nzito asubuhi na kuruhusiwa kufika nyumbani kabla ya jua kuchwa, naye afidie saa hizo bila kulazimishwa.

Kwa hiyo kila mwenye nyumba, mwezi wa Shaabani unapoandama, na achukue karatasi moja na kalamu. Aandike siku anazodaiwa yeye na jamaa zake. Aandike fedha anazodaiwa, na jina la kila anayemdai. Chini kabisa aandike jina la mtu ambaye hapendi kukutana naye njiani, na aanze na jina hilo. Siku ishirini na tisa ni chache, na gari la Nakuru huondoka asubuhi.